Mpera wa Kisiwa cha Kaango

Haya niliyasikia kwa Mize Vuai mwenyewe, mtoto wa mjomba wangu, mwezi wa pili tangu arudi kutoka Visiwa vya Jiko, siku tulipokuwa tukichagua mchele wa hitima ya mama yake. Aliyasema pole pole. Nilipomaliza ungo wangu, wake ulikuwa bado haujapungua. Nayaandika kama alivyoyasema, na pale alipokuwa hajui, sikumjazia.

Visiwa hivyo viko mbali. Meli ya kazi huchukua siku kumi na moja, na njiani hakuna kitu ila maji. Vilitoka chini ya bahari kwa moto, vitano, vyote mawe meusi. Kwenye ramani vina namba tu. Majina waliyatia watu wa kwetu waliokwenda kufanya kazi kule: Jiko, ambacho mpaka leo kinatoa moshi, Chungu, Kawa, Mwiko, na Kaango, chenye bonde la mviringo katikati na ukingo mrefu pande zote. Mize alikaa Kaango miaka tisa.

Kazi yake ilikuwa kusema neno.

*

Kila asubuhi Mize alitoa sahani ya shaba, akaiweka juu ya jiwe mbele ya kibanda, akangoja siafu. Si siafu hawa wa kwetu. Hao wametengenezwa na watu, kila mmoja ukubwa wa punje ya mtama, wanakula jua kwa migongo yao, na wote katika visiwa vyote vitano wana akili moja. Wanajua kwa kunusa. Mmea au mnyama ambaye Mize amemwita mwenyeji, wanamlinda, wanamwagilia umande, wanabeba mbegu zake na kuzipanda mahali pazuri. Ambaye Mize amemwita mgeni, wanamla mpaka mzizi. Wakikutana na kitu wasichokijua, wanakata kipande, wanakileta kwenye sahani, halafu wanasimama.

Wanaposimama, wanasimama wote. Huko Kawa na Mwiko wanasimama, na huku Kaango wale wanaozuia panya upande wa kusini nao wanasimama, mpaka sauti ya Mize iseme moja kati ya maneno mawili. La tatu halipo, ila pa kuanzia wanaweza kuambiwa. Na neno likishasemwa halirudi mpaka siafu wale wazeeke watolewe wapya, ambayo ni miaka mitatu.

Asubuhi hiyo walileta jani. Lilikuwa dogo, laini, lenye mishipa iliyochomoza upande wa chini. Mize aliliinua kulitazama, na kabla hajalitazama vizuri harufu yake ikamwingia puani, akajikuta yuko uwani kwao Makunduchi, ana miaka saba, magoti yana vumbi.

Akalirudisha kwenye sahani.

"Mbona hawaondoki?" aliuliza Mzee Foum, aliyetoka ndani na kikombe chake cha chai. Mzee Foum Ameir ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo, mtu wa miaka sabini anayepiga chafya kila akitoka juani. Akapiga chafya. "Leo wamekukasirikia?"

"Wananiuliza."

"Basi wajibu, mwanangu. Msimu huu mtawa wameatamia. Kila dakika hawa wakisimama, panya wanasogea."

Mtawa ni ndege wa Kaango, hapatikani pengine duniani. Ana rangi ya udongo, mabawa mafupi yasiyomrusha, na hutaga yai moja tu chini ya majani makavu. Walimwita mtawa kwa sababu hatoki ovyo. Panya waliletwa na meli iliyovunjika zamani, na pasingekuwa na siafu, yasingebaki mayai.

Mize akamsogezea sahani. Mzee Foum akainama, akanusa. Akakiweka kikombe chini.

"Mpera," alisema.

"Mpera."

"Huku umefikaje? Sisi sote tunachanwa nywele kutafutwa mbegu kabla ya kushuka melini. Tunakung'utwa pindo za nguo. Mimi walinichokonoa mpaka kucha."

"Mimi ndiye ninayewachana wanawake," alisema Mize.

Mzee Foum alimtazama, akaona jibu lilikuwa limekwisha kutolewa. Alisema tu, "Neno ni lako. Mimi nina saini. Lakini usikae nalo sana mdomoni."

*

Mize aliibeba sahani na siafu wake juu ya kichwa, akapanda kwenye ukingo. Njia ilikuwa ndani ya msitu wa mitona. Mtona ndio mti uliokifanya kisiwa kile kiwe kisiwa. Majani yake yana manyoya meupe, na ukungu ukipita hushikwa na yale manyoya, ukawa matone, matone yakashuka shinani, na kutoka shinani ndipo zinapoanza chemchemi. Kaango hakina mto wala kisima. Maji yote ya ndege, ya kobe na ya watu yanatona kutoka kwenye majani hayo. Ukiwa chini yake asubuhi bila mvua, unalowa.

Njiani aliona miche. Mmoja, kisha mitatu pamoja, kila mmoja umeota katikati ya kinyesi cha mtawa kilichokauka. Pale penye miche ya mipera, miche ya mitona ilikuwa imekwisha kunyong'onyea. Mpera una tabia hiyo. Haupigani na jirani, unamzibia jua tu.

Juu kabisa, nyuma ya jabali ambalo hakuna mtu alikuwa na sababu ya kulizunguka, palikuwa na mpera mzima umesimama, umepakwa utomvu wa mtona shina zima kiasi cha kung'aa. Na chini yake alikuwa amekaa Kazija, mpishi wa kituo, akiponda majani ya mtona juu ya jiwe ili aupake tena.

Kazija hakushtuka. "Umefika, Da Mize," alisema. "Nilijua utakuja siku moja. Kaa. Jiwe hilo si la moto."

Mize akakaa, sahani mapajani.

"Hivyo ndivyo ulivyowapoteza siafu," alisema. "Kwa utomvu."

"Kila siku ya pili. Mti unanuka mtona, wao wanapita." Kazija aliendelea kuponda. "Nimechelewa jikoni mara ngapi, na nyinyi mkasema Kazija mvivu."

"Mzee Foum ndiye aliyesema. Mimi nilisema unapika vibaya tu."

Kazija alicheka kidogo, halafu uso wake ukarudi ulivyokuwa.

Nieleze hapa, kwa sababu mtu asiye wa kwetu hatajua. Kwetu mtoto akidondoka kitovu, kitovu hicho huzikwa, na juu yake hupandwa mti. Mti huo ni wa mtoto, na hapo ndipo kwao, hata akija kuishi wapi. Ukoo wa kina Kazija ulikuwa na lake zaidi: mbegu ya mti wa mtoto hutoka kwenye mti wa mama, na wa mama ulitoka kwa bibi. Mpera mmoja unazaa mpera, vizazi kwa vizazi. Na mti wa kitovu haukatwi na mtu baki, asiye wa ukoo.

Kazija alifika Kaango ana mimba changa, hajamwambia mtu. Siku ya kushuka, Mize alimchana nywele, akamkung'uta, akaona shavu moja limevimba. "Jino," Kazija alisema kwa kunong'ona. Mize alikuwa amekwisha kuona wanawake wa kwao wakisafiri na mbegu zilizofungwa kitambaani, ndani ya shavu. Akamwambia, "Pole, shoga," akampitisha.

Mtoto alizaliwa hapo, wa kike, akaitwa Mboja. Siafu walikuja kumnusa siku ya kwanza, maana hawakuwa wanamjua. Watu wote waliotoka melini walikuwa wana neno lao, wageni wa kazi, lililotiwa ndani ya siafu walipotengenezwa. Kwa aliyezaliwa pale hakuna aliyekuwa amefikiria. Wakasimama, wakangoja. Mize akasema, "Mwenyeji." Basi kuanzia siku hiyo siafu walizunguka kitanda cha Mboja usiku na mchana, mbu hakugusa, chawa hakuingia. Alipokuwa na miezi kumi na mmoja akapata homa iliyotoka ndani ya damu yake mwenyewe, na siafu hawana la kufanya na damu. Akafa. Na sheria ya visiwa vile ni kwamba maiti hazikwi pale, na maiti hangojwi siku kumi na moja ili afike kwao. Walimwosha, wakamkafini, wakamswalia kwenye mashua, wakamshusha nje ya mwamba.

Kwa hiyo kaburi hakuna. Pana mpera juu ya kitovu chake.

"Siafu wameleta jani," alisema Mize.

"Najua. Nimeiona miche." Kazija akaacha kuponda. "Miaka yote nachuma maua kabla hayajawa matunda. Hata moja halikupita. Mwaka huu niliugua wiki mbili, unakumbuka. Uliniletea uji."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nimelala nahesabu siku kwenye boriti za paa, nasema, leo maua yamechanua, leo yanadondoka. Nikashindwa kukwambia."

"Ungeniambia ningefanya nini?"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Chini bondeni ukungu ulikuwa unapita kati ya mitona, na kila mahali palikuwa na sauti ya kudondoka. Juu ya sahani siafu walisimama kimya kama ufuta uliomwagika.

"Sema mwenyeji," alisema Kazija.

"Kazija."

"Ulisema kwa mtoto. Ulisema kwa kinywa chako, mimi nilikuwa pale nimelala, sijaoga hata. Huu ni mti wake, umeota ndani ya mwili wake. Kama yeye ni mwenyeji, huu ni mgeni kwa vipi?"

Swali hilo, Mize aliniambia, analo mpaka leo. Alijua tu kitakachotokea. "Nikisema mwenyeji, wataupenda," alimwambia. "Ndivyo walivyo. Watazibeba mbegu zake mpaka Kawa, mpaka Mwiko, wataupanda kila penye udongo. Miaka ishirini hapatakuwa na mtona. Ukungu utapita juu bila wa kuushika. Mtawa atakunywa nini?"

"Basi usiseme kitu. Miche tutaing'oa sisi kwa mikono, mimi na wewe. Na mti nitauchuma maua mpaka nife."

"Na ukifa?"

"Utachuma wewe."

"Na mimi nikifa? Na siafu nao wamesimama hivi mpaka lini? Hivi tunavyozungumza panya wanakula mayai, Kazija. Yai moja mwaka mzima."

"Usinitajie yai," alisema Kazija, taratibu sana. "Mimi nilikuwa na moja vilevile."

Mize aliinamisha kichwa. Aliniambia kwamba angepigwa kofi ingekuwa nafuu.

"Jino lako," alisema baadaye. "Nililiona siku ile."

"Najua uliliona."

"Ningekutemesha, haya yote yasingekuwapo. Nilikuonea huruma siku moja, na leo ndiyo nakulipisha wewe."

Kazija alitikisa kichwa. "Usinipokonye hilo," alisema. "Nimekuwa na mahali pa kukaa miaka mitano, minne baada yake. Ulinipa wewe. Usije sasa ukaniambia lilikuwa kosa." Akainuka, akaupapasa mti pale shina linapogawanyika. Kisha akasema bila kugeuka, "Wanaanza na mizizi?"

"Wanaanza na majani, maana wakishaijua harufu utomvu hauwadanganyi tena. Mizizi mwisho."

"Unakuwa umesimama huku unaliwa."

"Ndiyo."

"Hapana. Hautaliwa. Nitaung'oa mwenyewe." Akafuta mikono kwenye kanga. "Sema neno lako, Da Mize, mayai yako yapone. Lakini uwaambie hawa waanzie mbali. Na umwite Mzee Foum aje na jembe. Lile la mpini mrefu, asilete kile kijembe chake cha bustani."

Mize akaiinua sahani usawa wa mdomo. Siafu walinyanyua vichwa. Neno lenyewe ni jepesi, watoto wanalisema. Akasema, "Mgeni. Anzieni kusini."

Wakamwagika kutoka kwenye sahani, wakapotea ndani ya majani.

*

Walikuwa na saa tatu kabla siafu hawajafika ukingoni. Mzee Foum alipanda na majembe mawili na panga, anahema. Alipouona mti alivua kofia kwanza.

"Ardhi ya moto hii," alisema alipopiga jembe la kwanza na jembe likalia. "Juu udongo, chini chuma. Mti umeshikaje hapa?"

"Kwa ubishi," alisema Kazija.

"Basi ni wa ukoo wenu kweli."

Walichimba kwa zamu. Mize na Mzee Foum walichimba mbali na shina, kuifuata mizizi ya pembeni mpaka kwenye nyufa za mawe. Shina na pale chini ya shina hawakugusa, kwa sababu wao ni watu baki. Kazija alipachimba peke yake, kwa panga kwanza, halafu kwa mikono. Walipomaliza wakauegemea wote watatu, ukalala upande mmoja bila kelele, mizizi ikatoka na mawe yake.

Shimoni palikuwa na kigae cha chungu, kile alichofunikia kitovu siku ya kukizika. Kazija akakiinua. Chini yake ulikuwa udongo mweusi na mzizi mwembamba uliojikunja. Hapakuwa na kingine. Aliukata mzizi ule kwa meno, akautia kwenye rundo la mizizi mingine.

Mzee Foum alikuwa amekuja na mche wa mtona kwenye mkebe. Mize alimwona akiuficha nyuma, kisha akiutoa. "Nilifikiri," alisema, "shimo lisibaki tupu. Tungepanda huu. Huu hautaguswa na yeyote."

Kazija aliutazama mche. Hakukasirika. "Ahsante, Ami Foum," alisema. "Lakini usinipe mtoto wa mtu mwingine."

Mzee Foum akaurudisha mkebe kivulini.

Wakauchoma mpera palepale juu ya jiwe tupu, maana tawi la mpera likiachwa chini linaota. Kuni zake mbichi zilipiga kelele na kutoa moshi mwingi. Kazija, kwa kuwa ni mpishi na moto ulikuwapo, alibandika sufuria ya chai aliyokuwa amepanda nayo asubuhi. Walikunywa.

Baada ya adhuhuri siafu walifika. Walipita kwa mstari wao, wakaingia shimoni, wakala vipande vya mizizi vilivyobaki ndani ya nyufa, wakatoka upande wa pili. Haikuchukua muda. Kwa mbali kusini, ndani ya msitu, mtawa mmoja aliita, na mwingine akamjibu. Mize aliwahesabu kwa sauti hizo. Msimu uliopita upande ule waliita kumi na mmoja. Siku hiyo walikuwa saba.

*

Hawakushuka. Mzee Foum alijilaza palipo na kivuli, kofia usoni. Kazija alikaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani.

"Alikuwa akinicheka," alisema Mzee Foum chini ya kofia, kama mtu aliyekuwa anawaza akasahau kuwaza kimya. "Nikipiga chafya. Ananingojea nitoke juani. Nikichelewa kupiga, anakunja uso."

Mize aliogopa. Kwa miaka minne hakuna aliyemtaja mtoto mbele ya mama yake. Lakini Kazija aligeuka.

"Ulikuwa ukizidisha," alisema. "Nilikuwa nakusikia. Zile hazikuwa chafya za kweli."

"Nyingine za kweli."

"Tatu kati ya kumi."

"Tatu," alikubali Mzee Foum. Alianza kusema lingine, juu ya meno mawili ya Mboja, lakini hakulimaliza. Kofia ilianza kupanda na kushuka.

Kazija alijilaza ubavu kwenye majani makavu. "Na wewe sema," alimwambia Mize. "Mti ulikuwa ukinikumbukia. Sasa sina wa kunikumbukia ila nyinyi."

Mize alikuwa na jambo moja. Alikuwa nalo muda wote. Akamwambia kwamba siku moja, Kazija yuko jikoni, Mboja alitambaa mpaka nyuma ya kibanda, na pale palikuwa na mtawa ameatamia. Ndege yule hakukimbia. Mtoto alimtazama, ndege akamtazama, halafu mtoto akanyoosha mkono, akauweka mgongoni mwake, hakufinya, hakuvuta. Wakakaa hivyo. Mize alisimama na ndoo ya maji hakuthubutu kuiweka chini.

"Miaka minne umekaa na hilo?" alisema Kazija.

"Nilidhani ukilisikia litakuumiza. Nilidhani mti unakutosha."

"Ulinitosha," alisema Kazija. "Ndiyo maana sikuuliza." Macho yalikuwa yamefumba. "Ulikuwa mkono gani?"

"Sikumbuki. Ngoja."

"Kumbuka. Nitakungoja."

Lakini hakungoja. Pumzi zake zilirefuka, kiganja chake chenye udongo kikafunguka.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda tena kutoka bondeni. Mize alijiegemeza kwenye jabali, akajaribu kuiona tena siku ile: ndoo, kamba ikimkata vidole, majani, ndege, mtoto amekaa upande upande. Kama alikuwa ameegemea mkono wa kushoto, basi ulikuwa wa kulia. Lakini alikuwa akipenda kuegemea ukuta. Na ukuta ulikuwa upande gani? Alianza upya kutoka kwenye ndoo, pole pole, na alipofika kwenye ukuta usingizi ukamchukua.